Ngazi za Marobota

Hata baada ya mahindi kuondolewa, watu wa mtaani kwetu waliendelea kuliita jumba lile ghala. Zamani lilikuwa jumba la sinema na taarabu, hapahapa Dodoma mjini, na shangazi yangu Mwanamvua aliimba humo akiwa msichana. Kisha likajazwa magunia, wakafaidi panya. Serikali iliporuhusu biashara huria, jumba likauzwa, akalinunua Hanifu, mwuza mitumba, binamu yake shangazi.

Shangazi alimfuata dukani, mimi nyuma yake.

"Binamu, unataka kutundika masuruali pale nilipoimba mimi?"

"Masuruali yananilisha, Mwanamvua. Nyimbo zako zitamlisha nani?"

"Wewe litengeneze kama zamani. Watu niachie mimi."

Hanifu akacheka, lakini alimjua. "Haya. Siku ya ufunguzi ukumbi ukichangamka, litabaki jumba la taarabu. Ukipoa, kesho yake naingiza marobota."

Wala hakungoja kesho. Marobota ya mitumba aliyapanga mapema katika chumba cha nyuma ya jukwaa, yakae tayari, akabakiza upenyo wa waimbaji tu.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba nikakaa nyumbani, basi nikapata kibarua cha kuteka maji na kukwangua kuta. Chini ya chokaa tulikuta rangi ya buluu, na maua ya saruji yakizunguka jukwaa. Kwenye nyufa zilitoka punje za mahindi zilizotobolewa na fukusi. Fundi wetu Optatus, mtu wa Bukoba, alikuwa na mkono mtulivu. Jukwaa la zamani lilikuwa limevunjwa kupisha magunia, akajenga jipya: refu hadi kifuani, uso wake laini kama sahani. Waimbaji wangeingilia mlango wa nyuma. Tulilisifu wote, shangazi wa kwanza.

Siku ya ufunguzi, baada ya alasiri, wanawake walikuja kutoka mitaa ya Kikuyu hadi Nzuguni, wananukia udi. Wanaume wakakaa nyuma. Shangazi akaimba, na ubeti wa pili haujaisha, Joha jirani yetu akainuka na noti kwenda kumtunza. Akacheza taratibu hadi mbele, akafika kwenye ukuta wa jukwaa. Akainua mguu, kanga ikakataa. Akanyoosha mkono, shangazi akainama kama anayechuma mchicha, vidole havikukutana. Na tunzo halirushwi. Kumrushia mwimbaji ni kumtukana. Joha akarudi kukaa. Waliokuwa wameshainuka wakaketi pia.

"Si wasikilize tu?" Optatus akaninong'oneza.

"Fundi, taarabu ni mazungumzo. Ubeti ukimgusa mtu, anakwenda kutunza, na mwenziwe akiona naye anajibu. Hapa umewafunga midomo."

"Lo! Mbona hamkuniambia?"

"Hata sisi tumeona sasa."

Mlangoni Hanifu alikuwa anatabasamu. "Shangazi yako anapoa, Salha."

Nikamtazama, nikakumbuka wapagazi wa mahindi: walifika hadi darini kwa kukanyaga magunia yaleyale waliyokuwa wanayapanga. Nikamshika Joha mkono, tukaingia chumba cha nyuma. Tulipotoka tunalibiringisha robota la kwanza, wanawake wengine walielewa bila kuambiwa. Moja likawekwa mbele, mawili yakapandanishwa nyuma yake, hadi jukwaani.

"Nyie! Hiyo mali yangu!" Hanifu akapiga kelele.

"Hatuili, tunaikanyaga tu," Joha akamjibu, na alikuwa ameshafika juu, anambandika shangazi noti kwenye paji la uso.

Ukumbi ukalipuka vigelegele. Wakapanda mmoja baada ya mwingine, ngoma ikapamba moto. Shangazi akamwangalia binamu yake, akatia maneno ambayo hayakuwamo kwenye wimbo:

"Ulilofungia njia, ndilo nililopandia."

Watu wote wakageuka kumtazama Hanifu. Ukiimbwa hivyo, kukaa kimya ni kukubali umeshindwa. Akavua viatu, akapanda. Robota la juu likakatika kamba, masuruali yakamwagika jukwaani, naye akafika kwa magoti, noti mkononi.

"Chukua, mchawi wewe," akasema, huku anacheka.

Kesho yake marobota yalirudi dukani, na Optatus akaja na futi yake kupima mahali pa ngazi.

"Mama, iwe pana kiasi gani?" akamwuliza shangazi.

"Wapishane wawili walionuniana, wasigusane."