Injini Iliyofunguliwa Ikiwaka

Je, umewahi kufungua mashine ya kukata nyasi? Kwanza unachomoa plagi, isije ikakuwakia mikononi. Unamwaga petroli kwenye chupa, unatoa kabureta, skrubu fupi unaziweka peke yake na ndefu peke yake. Fundi wa shule ya bweni alifanya hayo yote Jumatatu asubuhi, juu ya meza iliyotandikwa gazeti, na injini ikaendelea kunguruma.

Ilikuwa siku ya tisa hiyo. Iliwashwa na mkata nyasi, rafiki yake, aliyeteleza kwenye mteremko nyuma ya madarasa, mashine ikampitia. Tangu azikwe haijazima.

Fundi akatoa pistoni, akaitumbukiza kwenye sinia la mafuta ya taa. Ikawa inapanda na kushuka mle mle, ikimrushia matone shatini. Valvu zilifunguka na kujifunga juu ya gazeti. Akazifuta moja moja kwa kitambaa, akazingoja zitulie, wapi. Akaenda kunawa.

Aliporudi alimkuta mjane wa mkata nyasi amekaa kwenye kigoda, barua ya shule mkononi.

"Shemeji, hebu zima hicho kidude tuongee."

"Hakizimiki."

"Haya." Akapaza sauti. "Wameandika alikuwa amelewa. Mume wangu, ambaye hata maziwa yakichacha hagusi! Wewe ulikuwa naye siku ile. Twende ofisini ukawaambie."

"Nitaona, shemeji."

Mjane akatazama mpini ulioegemezwa ukutani. Kuna kishikio pale, ambacho mkataji akikiachia tu, mashine huzima yenyewe. Kilikuwa kimefungwa kwa waya kisiachie: mizunguko mitatu, ncha imekunjwa kwa ndani isichome mkono.

"Umekunjwa vizuri huu waya," akasema. "Kama ule ulionifungia kwenye mkono wa sufuria."

Fundi akachukua koleo, akaukata. Kishikio kikaruka juu. Pistoni haikujali, ikaendelea kupanda na kushuka.

Ndipo msimamizi wa shule akaingia. Alitazama sinia, akaitazama na chupa ya petroli iliyojaa.

"Inaenda bila mafuta?"

"Ndiyo, mzee."

"Hiyo nzuri. Iunganishe leo hii, nyasi zimefika magotini. Mkataji mpya anaanza saa nane."

"Na barua yangu?" mjane akauliza.

"Mama, barua ilishapigwa muhuri." Akamgeukia fundi. "Na hicho kishikio nani kakiachia? Kifunge. Nilishakwambia, mtu akisimama kila mara kuwasha upya, uwanja hauishi."

Fundi akairudisha injini kipande kwa kipande, valvu zikimng'ata vidole, kisha akaifunga kwenye mpini. Msimamizi alisimama mlangoni akitazama saa. Mjane hakuondoka. Fundi akakata waya mpya kutoka kwenye bunda. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaikunja ncha kwa ndani, akaipapasa kwa kidole gumba kama haichomi.

"Shemeji," akasema.

"Sikusikii, sema kwa nguvu."

"Ule wa kwanza nao niliufunga mimi, hivi hivi. Huyu hapa aliniagiza. Mumeo hakulewa. Aliuachia mpini, nilimwona, akaniita nije nizime."