Bega la Vidole

Saluni ilikuwa ya ndugu wawili wa tumbo moja. Dada mkubwa alipokea wateja na kununua rasta na mafuta. Mdogo wake ndiye aliyesuka. Wateja walimbandika jina la Vidole kwa jinsi mikono yake ilivyokwenda mbio, na wengi walikuwa radhi kusubiri mchana kutwa kuliko kukalia kiti cha msusi mwingine.

Siku moja Vidole aliteleza kwenye ngazi akaangukia bega la kulia. Mfupa wa mkono ulivunjika vibaya karibu na bega, kisha kichwa cha mfupa huo kikafa kwa kukosa damu. Daktari akasema hapakuwa na njia ila kumwekea bega la bandia.

Hakuogopa sana. Mama yao, ajuza wa miaka sabini na ushei, alishawekewa la kwake baada ya kiungo kulika, na sasa alijichana mwenyewe na kulala ubavu autakao.

"Ng'ombe hazeeki maini," mama alimtania. "Mimi kikongwe nimepona, wewe mwenye damu changa si utaruka kamba?"

Upasuaji ulikwenda vizuri. Asubuhi ya kuruhusiwa, daktari alimkuta Vidole kalewa dawa za maumivu, kope nzito kama mawe.

"Dada, msikilize wewe," Vidole alimwambia dada yake aliyekuwa kando ya kitanda. "Mimi hata sielewi."

Dada akatoka na daktari hadi koridoni. Aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Amesemaje?"

"Ufanye mazoezi tu. Ukishapona unarudi kazini kama kawaida. Kwani mama humwoni?"

Vidole akarudi kusuka, mikono juu toka asubuhi hadi jioni. Miaka mitatu ya kwanza bega lilimtii. Mwaka wa nne likaanza kuuma. Dada yake akawa anamkanda kwa dawa ya kuchua kila wakifunga saluni.

"Pole, mdogo wangu. Ni uchovu tu huo."

Mpaka siku moja, katikati ya kichwa cha mteja, mkono ukaanguka wenyewe. Vidole akajaribu kuuinua, ukakataa.

Daktari yule yule aliipachika picha ya eksirei kwenye mwanga. "Kiungo kimelegea. Siku hizi unafanya kazi gani?"

"Ile ile ya kusuka, daktari."

"Bado unasuka?" Akamgeukia. "Nilimweleza dada yako. Wewe si kama mama yako. Yeye bega lake ni la kuvalia nguo na kujichania, litamfikisha. Ninyi wenye umri mdogo mnalifanyisha kazi, na mna miaka mingi ya kuishi nalo. Mara nyingi ninyi ndio mnaorudi hapa mapema. Nilisema utafute kazi isiyoinua mikono."

"Mbona hukuniambia mimi?"

Daktari akainamisha macho. "Ulikuwa usingizini. Ilinipasa nirudi."

Vidole alimkuta dada yake saluni, anakunja taulo.

"Daktari alikwambia nini pale koridoni?"

Dada alikunja taulo moja, akachukua nyingine. "Ungeacha, tungefunga. Hawa watu wanakufuata wewe, si mimi."

"Nilikuuliza, ukanijibu huku unacheka."

"Nilidhani litadumu. La mama si limedumu?"

"Na lilipoanza kuuma? Ulikuwa unanikanda, dada! Unanikanda na unajua!"

Vidole alijaribu kulia, machozi hayakuja. Uongo wa koridoni pengine angeumeza. Kilichomkaba ni zile jioni zote, mikono ile yenye joto begani mwake, na lile "pole, mdogo wangu."

Alifanyiwa upasuaji wa pili, mgumu kuliko wa kwanza. Dada alikuja hospitali na mfuko wa matunda. Vidole akamwambia nesi, dada mwenyewe akisikia, "Huyu asielezwe lolote kuhusu mimi."

Mkono sasa unafika kifuani, hauvuki hapo. Vidole anashona mawigi nyumbani, ameketi, kichwa cha plastiki kikiwa mapajani, na anajiweza. Dada aliajiri wasusi wengine, lakini wateja walipukutika mmoja mmoja hadi saluni ikafungwa.

Mama alijaribu kuwapatanisha. "Damu nzito kuliko maji, mwanangu."

"Ndiyo maana imenizamisha, mama."

Wakikutana kwa mama, wanasalimiana. Dada huuliza, "Bega linaendeleaje?" na Vidole hujibu, "Lipo," kisha huinuka akamsaidie mama jikoni.