Pingamizi la Nyumba Moja

Mimi nimechoka. Naanza na hilo ili mtu asije akanitafutia sababu kubwa zaidi. Majira ya baridi thelathini na tisa nimesimama chini ya lifti ya viti inayopandisha watu mlima wa Nukizawa, nikiwashikia watu kiti kisiwagonge magoti kwa nyuma, na sasa magoti yaliyokufa ni yangu.

Mlima wetu si wa kampuni wala wa tajiri yeyote wa Tokyo. Lifti ni za kijiji, mimi ni mtumishi wa kijiji, na mteremko ambao watu huja kuteleza juu ya theluji kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni, ni ardhi ya pamoja ya kitongoji chetu, nyumba thelathini na nane, tangu mababu walipokuwa wakikata kuni huko. Kwa hiyo ofisi ya kijiji ilipotaka kuufunga mlima, kung'oa nguzo na kupanda mierezi, haikuweza kuamua peke yake. Kitongoji kilipaswa kukubali, na kwetu kukubali maana yake ni nyumba zote. Nyumba moja ikisema hapana, faili linarudi ofisini, na huko linaweza kulala miaka.

Ila kwetu hakuna anayengoja mkutano ndipo ajue watu wanasemaje. Mambo humalizwa kabla, nyumba kwa nyumba, kwa chai. Kwenye mkutano tunakwenda kuinamisha vichwa tu.

Mwenyekiti wa kitongoji, Kuribayashi, alifika kwetu Ijumaa saa nne asubuhi, theluji ikimwagika. Alikuwa amevaa koti jeupe la Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka tisini na nane, walilotugawia sisi wa kujitolea, na zile pete tano mgongoni zilikuwa zimepauka hadi zote zikawa rangi moja. Wengine makoti hayo huyavaa wakipakua theluji paani. Kuyavaa siku ya kuja kuuzika mlima, nikaona huyu mtu hana haya.

"Karibu Mwenyekiti, ingiza miguu upate joto," mke wangu Fusae akasema, akiinua blanketi la ile meza fupi yenye hita chini yake. Akaweka chai na achari ya majani.

"Mama, achari ya mwaka huu kali."

"Kali kushinda maneno uliyotuletea?" Fusae ndiye mwenye mgahawa wa mlimani, anapika wali wa kari, na ulimi wake haujawahi kuchoka hata siku moja.

Kuribayashi akacheka kidogo, kisha akaanza kuizungusha bilauri ya chai mikononi. "Bwana Shigeo, unajua kilichonileta."

"Najua."

"Wageni wamepungua. Theluji nayo siku hizi inakuja ikijisikia. Na ofisi wanasema waya wa lifti umezeeka."

Akanitazama. Waya ulipimwa mwezi wa kumi nikiwepo. Una miaka mitano mingine, na karatasi ya vipimo nimeibandika mwenyewe kibandani kwangu.

"Nyumba nyingine zimekubali?" nikauliza.

"Zote. Imebaki hii."

"Basi sisi ni nani? Hakuna jinsi."

Nilidhani atashukuru aondoke. Akakaa. Chai ikapoa. "Una hakika, bwana Shigeo?"

"Hakuna jinsi, Mwenyekiti."

Akainama hadi paji la uso likakaribia mkeka, akavaa viatu, akaenda zake.

"Mbona hukumwambia habari ya waya?" Fusae akanirukia mlango ulipofungwa.

"Hakuuliza."

"Hakuuliza! Ulitaka apige magoti?"

"Nyumba thelathini na saba zimeshakubali. Mimi nijifanye nani, nimwaibishe mtu mbele ya ofisi nzima?"

"Baba Natsuki, sikiliza. Mkutano ni Jumapili. Kila nyumba inatoa mtu mmoja, na wa nyumba hii ni wewe, bahati mbaya yetu. Nenda kaseme neno moja tu. Ningekuwa mimi ningesema ishirini."

"Ishirini umeshayamaliza hapa hapa."

Akanirushia kitambaa cha meza, halafu akalia. Huyu mwanamke hakulia hata tulipomzika mama yake. Nikamwahidi kwamba nitasema.

Jumamosi kutwa nilikuwa kazini, na wageni walikuwa wachache kiasi kwamba viti vingi vilipanda vikiwa vimebeba theluji tu. Nikakumbuka ile Februari ya Olimpiki. Mashindano yenyewe yalikuwa bonde la pili. Sisi tulipewa mlima wa mazoezi, na hata hilo tulilipokea kana kwamba tumepewa medali. Siku tatu theluji haikukatika, mashine ya kushindilia theluji ikakwama katikati ya mteremko, na wanariadha walikuwa njiani. Hakuna aliyeitisha mkutano. Watu walitoka majumbani na skii zao, wazee na wake walioolewa juzi, tukasimama bega kwa bega tukaikanyaga theluji hatua kwa hatua kutoka juu hadi chini. Kuribayashi alikuwa kando yangu na chupa ya sake, pombe ya mchele, iliyopashwa moto, akinitukana kwamba nakanyaga kama mtu anayeogopa kuua mchwa. Sijawahi kuwa na furaha ile tena, na wala sioni haya kusema hivyo.

Jumapili tukakutana ukumbini saa nane mchana, watu thelathini na wanane juu ya mito ya kukalia. Kuribayashi, na lile lile koti, akasoma karatasi ya ofisi polepole, kama mtu anayesoma majibu yake ya hospitali.

"Kuna pingamizi?"

Jiko la mafuta likanguruma.

Kwa kawaida huulizwa mara moja. Yeye akarudia. "Hakuna nyumba yenye pingamizi?" Akainua macho, akayaweka moja kwa moja kwangu. Nikayasoma hivi: rafiki yangu, usiniaibishe.

Neno lilikuwa limeshafika kooni. Nikafikiria alfajiri nyingine mia za kufukua viti kwa koleo. Nikafikiria magoti. Sitadanganya, kuna upande wangu ulifurahi kwamba mwisho umefika na si mimi niliyeuleta. Nikasafisha koo, na ukumbi mzima ukageuka kunitazama.

"Samahani," nikasema. "Kikohozi."

Kuribayashi akasubiri kidogo, kisha akatamka kwamba kwa kuwa hakuna pingamizi, jambo limepita. Karatasi ikazunguka, kila nyumba ikagonga muhuri wake. Wangu uligongwa wa mwisho.

Mlangoni tulibaki sisi wawili, yeye akihangaika na buti zake.

"Kwa nini hukusema?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Niseme nini?"

"Habari ya waya. Karatasi nimeiona kibandani kwako. Nani hajaiona?"

"Wewe ndiye uliyekuja kutuomba tukubali!"

"Mimi nilitumwa, Shigeo. Mwenyekiti akitumwa anakwenda, sina ruhusa ya kupinga. Nikavaa hili koti kila nyumba niliyoingia ili mtu akasirike, anifukuze, nami nikawaambie ofisini kwamba watu wamekataa. Kila nyumba wakanimiminia chai na kuniuliza wengine wamesemaje. Nikiwaambia, wanainama: basi sisi ni nani." Akavuta buti hadi ikaingia. "Yako niliiweka ya mwisho makusudi. Nikajisemea, Shigeo atanitoa mbio. Na leo nimeuliza mara mbili. Mara mbili, bwana."

"Turudi ndani. Tuwaite."

"Wameshagonga mihuri." Akafungua mlango, akashuka ngazi akishika ukuta, maana naye magoti yake si mazima.

Nyumbani Fusae alikuwa amesimama barazani na aproni yake ya mgahawa. Aliponiona tu akajua, lakini aliuliza.

"Ulisema?"

"Nilikohoa."

Akaketi palepale kwenye ngazi, akaikunja aproni mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. Nikamweleza yote aliyosema Kuribayashi. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ndoa yetu.

"Sasa niambie," akasema nilipomaliza. "Katika hao wote, nani hasa aliyetaka mlima ufungwe?"

Nikawapitia mmoja mmoja, kuanzia nyumba ya juu kabisa karibu na hekalu hadi ile ya mwisho darajani, milango thelathini na nane, wa kwangu ukiwemo.

"Hakuna," nikamjibu.