Mkono wa Mama Rozalia

Nilikuwa nimeinama, sikio kwenye tarumbeta ndogo ya bati ya kusikilizia mimba, na tumboni mwa Rehana sikusikia mtoto. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Dopla, kimashine chetu cha kusikilizia moyo wa mtoto, kiliishiwa chaji katikati ya kliniki.

Chuoni Njombe, tarumbeta kama hiyo ndiyo iliyonifunza kazi. Nilipohamishiwa zahanati hii ya njia ya Msimbati, Mama Rozalia, mkunga aliyekuwa anastaafu, aliniachia ya kwake, imebonyea pembeni. Mwaka uliofuata ikaja dopla. Miaka sita nimepaka jeli, nimeshika, nimesoma namba. Mia moja arobaini. Haya, anayefuata. Siku nyingine namba ilitoka macho yangu yameshahamia kwa mama wa nyuma yake.

Sasa nikaihamisha tarumbeta kushoto, kulia, chini ya kitovu. Mkwaruzo tu, kama mtu anakwangua ukoko wa wali. Mimba ya miezi minane! Nilishaanza kupanga maneno ya kumpigia daktari Mtwara mjini, na yale mengine, mabaya zaidi, ya kumwambia Rehana mwenyewe. Niliogopa, sifichi.

Rehana alikuwa akiutazama mkono wangu. Mimba zake mbili za kwanza alizipima Mama Rozalia.

"Samahani, nesi," akasema. "Yule mama alikuwa akishaiweka, haishiki."

Nikatazama mkono wangu. Vidole vimeikamata tarumbeta vilevile vilivyozoea kukamata mashine, vinaisugua, na mkwaruzo wote ule ulikuwa wangu mwenyewe. Jambo la kwanza kabisa tulilofundishwa: ikishakaa, achia, ibaki imebanwa na sikio tu. Lilikwenda wapi?

Nikaachia. Kimya. Halafu kwa mbali, tik tik tik, haraka haraka. Nikahesabu dakika nzima kwa saa ya ukutani, kisha nikahesabu tena, kwa raha zangu.

"Yuko mzima," nikasema.

Rehana akajiinua kwa kiwiko, akanishangaa.

"Kwani ulidhani amekufa? Tangu asubuhi ananipiga mateke humu. Si ungeniuliza."