Ruhusa ya Shemasi Éliakim

Vita ilikuwa imekata inchi vipande, na tangu zamani hakuna mutu wa Kinshasa aliyefika kutafuta bachezaji huku kwetu. Donc siku entraîneur, mwalimu wa timu ya taifa ya mupira ya banamuke, aliposhuka na ndege Beni, Kavira naye alifika kutoka Butembo, vumbi mpaka kwenye kope. Hakuogopa. Muguu wake aliujua. Kitu kimoja tu hakukijua: kama tata yake aliyemuzaa, shemasi Éliakim, atamuachilia aende.

"Utacheza na kitenge juu ya kaptula, sawa mabinti ya kanisa," shemasi alimuambia njiani, kwenye barrière, kizuizi cha baaskari. "Ukiivua, tunarudi nyumbani."

Basi kwa mechi ya majaribio Kavira akaingia uwanjani miguu tupu, amefunga kitenge. Batu bakacheka.

"We dada, unaenda mu soko?" akauliza Sophie, beki munene wa Beni.

"Ndiyo. Natafuta beki, nanyi munauzisha benye kuchoka tu."

Akamupita mara ya kwanza. Mara ya pili Sophie akakamata kitenge sawa kamba ya mbuzi, akamuvuta chini. Refa hakuona. Akavuta tena. Refa alikuwa anaangalia ngambo ingine.

"Refa! Anamukamata nguo!" shemasi akalalamika.

"Muzee, umemuvalisha mukia," entraîneur akasema bila kugeuka. "Sasa unashangaa banamuvuta?"

Kavira akasimama, akakaza kifundo, akamuangalia tata yake. Hakuomba kitu. Alimujua: mutu wa kukataa haraka na kuwaza polepole. Akangoja, akicheza. Mbele ya goli Sophie akamuangusha tena, na hapo shemasi akaingia uwanjani na viatu vyake vya ibada.

"Kavira! Leta iyo kitenge hapa!"

"Mais tata, ulisema..."

"Nilisema! Sasa nasema leta!"

Kavira akaivua, akamupa. Kuanzia pale Sophie alinyoosha mukono, akakamata upepo. Goli ya kwanza kipa aliruka. Ya pili hakujisumbua.

Kisha entraîneur akamuendea shemasi. "Muzee, tunaomba tuende naye kesho. Mechi iko Cameroun."

Shemasi akakunja kitenge mukononi, akakikunjua, akakikunja tena, hata Sophie akasogea kusikiliza jibu.

"Kule Cameroun, baprotestanti bako?"

"Bako bengi."

"Basi aende. Na umuambie refa wa kule afungue macho."

Kavira hakungoja amalize. Alikuwa amekwisha kumugeukia Sophie. "Dada, uniazime viatu vyako vya mupira. Kule hapana kucheza miguu tupu."

Sophie akainama kufungua kamba. "Chukua. Kazi yangu ya kuvuta nguo haiombe viatu."