Mvumo wa Bwana Msellem

Jumatatu moja mwaka 1985, saa nne asubuhi, fundi Randu alipiga hodi nyumbani kwa Bi Shekha, mtaa wa Shela, Malindi. Mkononi alikuwa na bisibisi tatu, testa, na chuma cha kulehemu alichokivingirisha kwenye kitambaa kwa kuwa kilikuwa bado na joto la kazi ya asubuhi, dukani kwake Muyeye. Alivua viatu, akatoa shikamoo, akapelekwa ukumbini kuonyeshwa mgonjwa.

Mgonjwa alikuwa amplifaya ya Kijapani, kinasa cha kaseti na spika mbili ndefu, vyote vimefunikwa vitambaa vya kufuma. Kaka yake Bi Shekha ndiye aliyevileta kutoka Maskati.

"Inavuma," alisema Bi Shekha. "Mwimbaji akishusha sauti, mvumo unampanda kichwani. Udi hausikiki kabisa. Na Alhamisi wenzangu wanakuja kusikiliza taarabu. Watasema Shekha kaweka kinu cha kusaga mahindi ukumbini."

Randu aliweka kaseti, akasikiliza akiwa amefumba macho. Ulikuwa mvumo mzito wa chini, kama nyuki ndani ya mtungi. Mafundi wengine wa Malindi wakisikia mvumo hubadilisha vipuri mpaka mwenye mali achoke. Randu hakuwa hivyo. Yeye huufuata mvumo mpaka mlangoni kwake.

Alizima friji. Mvumo ulibaki. Alizima feni, akachomoa pasi, akazima taa ya tyubu ya jikoni, ambayo kwa kawaida ndiyo mchokozi. Akatoka kwenda kumwomba jirani aliyekuwa akichomelea mageti apumzike kidogo, na jirani akapumzika kwa muda wa sigara nzima. Mvumo haukujali. Akabadilisha waya za spika, akafungua amplifaya, akagusa kila kiungo, akafunga. Akala wali wa nazi na samaki aliokaribishwa, akanawa, akaanza upya.

Muda wote huo mume wa Bi Shekha, Bwana Msellem, alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha akisoma gazeti la jana. Alikuwa mtu mpole, mchora ramani katika kampuni moja ya watu binafsi ya kupima mashamba, na sifa yake ilikuwa mwandiko. Herufi zake zilisimama kama zimepigwa chapa. Wiki hiyo mkubwa wake alikuwa amempa likizo asiyoiomba, kwa sababu simu za ofisini zilikuwa zikikoroma.

Adhana ya alasiri ilipotoka, Bwana Msellem alikunja gazeti, akavaa kofia, akaenda msikitini. Mvumo ukaondoka naye. Alipofika barazani ulikuwa nusu. Alipofunga lango ukakatika, na udi ukasikika uzi mmoja mmoja, pamoja na mpigaji akivuta pumzi.

Bi Shekha alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kumbe ni yeye," alisema. "Na mimi nimeilaumu friji miezi yote hii."

Baada ya nusu saa mvumo ulirudi, kwanza langoni, kisha barazani, kisha ukaingia ukumbini na kuvua viatu. Randu alimweleza Bwana Msellem jinsi mambo yalivyo. Mzee alijigusa kifua.

"Basi ni tangu mwezi wa pili," alisema. "Na mimi nilihisi kitu kifuani, nikadhani ni gesi. Nimekunywa tangawizi nyingi sana."

Fundi hawezi kutibu mvumo asioujua. Randu alichukua waya mmoja wa kuingizia sauti, akaumenya ncha, akambandikia mzee kifuani kwa plasta, juu kidogo ya mfuko wa shati. Akapunguza besi, akaongeza sauti polepole. Mvumo ulianza kuachana, kama watu wanaotoka kwenye mkutano na kila mmoja kushika njia yake. Kinu kilitwangwa. Mbuzi alilia. Mtoto aliitwa aje kuoga, akakataa, akaitwa tena. Wanaume wawili walibishana juu ya mnazi. Palikuwa na nyumba nyingi mle ndani, yapata arobaini, na zote zilisema Kigiriama. Mwishowe mwanamke mmoja aliita kuku wake kwa ulimi, akamtukana jogoo kwa jina.

Randu aliijua ile sauti. Asubuhi ile ile ilikuwa imemwamsha anywe uji. Ilikuwa sauti ya shangazi yake, Mbeyu, ambaye tangu mwezi wa nne alikuwa akiishi naye chumbani kwake Muyeye, na vyungu vyake vitatu, kwa sababu kule kwao, Kwa Mwaringa, seng'enge ilikuwa imepita katikati ya jiko lake.

"Mzee," Randu aliuliza, "Kwa Mwaringa umewahi kufika?"

"Kwa ramani tu," alisema Bwana Msellem. "Ekari mia tatu, upande wa Ngomeni. Niliichora mwezi wa pili. Kulikuwa na mnunuzi wa kujenga hoteli, akataka haraka."

"Uliandika nini katikati?"

Bwana Msellem alitazama vidole vyake.

"Hapana watu," alisema.

Kutoka kifuani mwake mtoto alikuwa bado anaitwa akaoge. Bi Shekha alipunguza sauti kidogo, akaenda kutia maji ya chai.

"Dawa iko wazi," alisema Randu. "Futa yale maneno mawili. Mimi sitagusa waya mwingine mpaka uyafute."

Bwana Msellem hakukasirika. Kesho yake, likizo au si likizo, alikwenda ofisini na kifutio na kalamu yake nzuri. Mkubwa wake, Bwana Phineas, alimpokea kwa heshima, akamwambia akae mbali na simu.

"Msellem ndugu yangu, utarekebisha vipi?" aliuliza Bwana Phineas. "Ili tuandike kuna watu, lazima mtu aende akawahesabu. Nikimtuma mtu leo, hatamkuta hata mmoja. Wamekwisha kuondoka. Ramani yako ni sahihi kabisa."

Bwana Msellem alirudi nyumbani na kifutio kikiwa kizima. Jambo hilo lilimkosesha hamu ya chakula. Alimweleza Randu maneno yote bila kupunguza, na mvumo ulikuwa mkubwa hata birika lilitetemeka mezani.

Jumatano, Randu alimleta shangazi yake. Hakuwa na mpango wowote, aliona tu kwamba ni haki yake. Mbeyu alikuwa mwanamke mfupi mwenye hando, ile sketi ya marinda ya Kigiriama, lililofuliwa siku hiyo. Alikaribishwa kiti, akachagua mkeka. Bwana Msellem alimwamkia, naye akaitikia. Randu akabandika waya.

Mbeyu alisikiliza. Alisikia kinu, akasema ni cha mke wa Charo, kina ufa. Alisikia mbuzi, akataja mwenyewe. Jogoo alipowika, Mbeyu aliinamisha kichwa.

"Huyo ni wangu," alisema. "Amekufa. Lori la kubeba nguzo za seng'enge lilimkanyaga. Hapa anawika vizuri kuliko alivyokuwa akiwika."

"Nisamehe, mama," alisema Bwana Msellem. "Sikufika. Niliambiwa niandike, nikaandika."

"Una mwandiko mzuri?"

"Wanasema."

"Ndiyo maana wameuamini," alisema Mbeyu, bila ukali, na akaomba asogezwe karibu na spika. Alikaa hapo saa nzima. Alicheka mara mbili, kwa mambo aliyoyasikia mwenyewe. Mara moja alimjibu mtu. Bwana Msellem hakuthubutu kukohoa, asije akawafunika. Jasho lilimtiririka, na Bi Shekha akampepea kwa kipepeo cha ukili, kwa mkono mrefu, kwa mbali, ili upepo usiingie kwenye waya.

Walipokwisha kusikiliza, Bi Shekha alimvuta Randu kando.

"Fundi, najua ulichosema. Lakini kesho ni Alhamisi. Na huyu mume wangu halali. Hakuna namna nyingine?"

Namna ilikuwako, na Randu alikuwa ameijua tangu siku ya kwanza. Mvumo usioweza kuondolewa hufungwa waya na kupelekwa ardhini. Alimweleza shangazi yake, akamtazama ili akatae. Angekataa, Randu angefungasha vyombo vyake akaenda zake.

"Mfunge," alisema Mbeyu. "Akifa kwa kukosa usingizi, mimi nitawasikilizia wapi?"

Basi Randu alipigilia fimbo ya shaba ya futi nne uani, karibu na mpapai. Alivuta waya kupitia dirishani mpaka kwenye kiti cha Bwana Msellem, akaulehemu kwenye kikuku cha fedha alichokitoa Bi Shekha sandukuni, kikuku cha arusi yake. Mzee alinyoosha mguu wa kushoto. Kikuku kilipobana, mvumo ulizama. Ukumbi ulikuwa mtulivu hata saa ya ukutani ikasikika. Bwana Msellem alisinzia pale pale.

Taarabu ya Alhamisi ilifana. Wanawake kumi na wawili walikaa mpaka magharibi, wakasifu udi, wakasifu spika, na mmoja wao, Bi Tumu, aliruka waya alipokwenda kunawa mikono, akaonya wenzake wasijikwae. Hakuna aliyeuliza zaidi, kwa kuwa karibu kila nyumba ina mzee mwenye jambo la mguu.

Ofisini nako alipigiliwa fimbo chini ya dirisha, simu zikapona, na kufikia mwisho wa mwaka Bwana Msellem alipandishwa cheo. Seng'enge ya Kwa Mwaringa ilikamilika, ikawekwa lango na mlinzi. Watu wa nyumba zile arobaini walitawanyika, wengine kwa ndugu, wengine kando ya barabara. Randu alimwandikia mkuu wa wilaya barua tatu. Alijibiwa moja, nayo ilimwelekeza kwenye ramani.

Kila Alhamisi saa nane, kabla wageni hawajafika, Mbeyu huja Shela na kupewa kahawa. Bwana Msellem hunyoosha mguu, Bi Shekha hufungua kikuku na kumbandika ule waya kifuani, na kijiji huingia ukumbini kikiwa na vinu na mbuzi wake. Mbeyu husikiliza saa moja. Baada ya hapo hupiga magoti, humfunga mzee kikuku kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa Bi Shekha hakibani sawasawa, huaga, na kurudi Muyeye kwa miguu.