Edna Akataa Kuimba Nyuma ya Pazia

Edna Mushi alitoka Machame kuja Dubai kumtunza Madam Ashwaq, mjane wa Kilebanoni aliyekuwa mwalimu wa uimbaji kabla ya kustaafu. Waliishi wawili tu katika fleti moja Silicon Oasis. Siku moja Edna alikuwa akipiga pasi huku akiimba pambio la kanisani kwao, mara mlango ukafunguliwa. Madam alikuwa ameegemea mkongojo wake.

"Rudia pale juu," alisema.

Edna akarudia. Tangu siku hiyo masomo hayakukoma: pumzi asubuhi, Kitaliano mchana, na jioni santuri za Nazira, bibi yake Madam. Nazira alizaliwa Beirut, binti wa dobi, akavuka kwenda Italia kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na kuimba sauti ya kwanza katika opera. Wakubwa wa huko walimtaka ajiite jina la Kitaliano. Alipokataa wakamfungia milango, naye akaenda zake kuimba Aleksandria, sifa zikavuma mpaka walewale waliomfungia milango wakamfuata arudi.

Miaka ikapita. Sauti ya Edna ilikuwa imekomaa wakati Raed, mwongozaji wa michezo ya jukwaani, alipoanza kutafuta mwimbaji wa opera mpya kuhusu maisha ya Nazira. Edna alikwenda kwenye usaili akawapita wote. Raed akamwita pembeni.

"Sauti ni yako, hakuna ubishi," alisema. "Ila utaimba nyuma ya pazia. Mbele atasimama mwigizaji anayefanana na Nazira, awe anafumbua mdomo tu."

 Nafasi hiyo Edna alikuwa ameiota usingizini na hata akiwa macho.

"Hapana, sir. Sauti yangu haitembei peke yake, inakwenda na mimi. Nipe wimbo mmoja nisimame pale mbele na okestra. Ukiona sifai, nitakushukuru na kuondoka."

Raed alitazama saa. "Yalla, haya, mmoja."

Edna alichagua wimbo wa Nazira anaporejea Italia, ule ambao waimbaji wengine waliukwepa. Mwanzo ulitoka kavu. Akavuta pumzi kutoka chini ya kitovu, kama alivyofundishwa, akaacha kumwangalia Raed. Sauti ikafunguka, ikapanda ngazi kwa ngazi mpaka kileleni, ikakaa pale bila kutetereka. Alipomaliza, wapiga fidla waligonga vishikio vya nota kwa pinde zao kumpongeza, na yule mwigizaji, aliyekuwa ameketi akingoja, akasimama kupiga makofi.

"Khalas, basi," Raed alisema taratibu. "Pazia tutalifungua."

Usiku wa onyesho Joha, rafiki yake Mzanzibari anayefanya kazi kwenye ofisi ya mizigo Deira, alijaza Watanzania safu nzima. Wimbo ule ulipofika mwisho, vigelegele vyao vilitangulia makofi, kisha jumba zima likasimama. Edna aliinama, akainuka, akainama tena, hawakutaka aondoke.

Nyuma ya jukwaa mgeni kutoka jumba la opera la Muscat alikuwa akimsubiri amwalike kuimba huko. Madam Ashwaq alimtangulia, akamshika Edna uso kwa mikono miwili.

"Wimbo wa pili umeuharakisha," alisema, machozi yakimtiririka.

"Kesho tutaurekebisha, Madam," Edna akajibu, akicheka mpaka wanja ukamchuruzika mashavuni.